Vumbi la Maganda ya Risasi

JUMATANO, BAADA YA ALASIRI

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, Bur Dubai. Mlango wa chuma. Feni moja. Dirisha hakuna. Majora ya hariri yalipangwa mpaka darini, na harufu ya nguo mpya ilijaa chumba.

Khalfan alikaa juu ya jora, miguu ameikunja. Aliokota ganda moja la risasi kutoka kwenye zulia, akalielekeza kwenye taa, akachungulia ndani yake kwa jicho moja.

"Hili ndilo nilitakalo," alisema. "Safi nje, safi ndani. Shingoni halina ufa. Chafu msiniletee. Machafu wanayo wauza vyuma chakavu, na mie si muuza vyuma chakavu."

Wazee wake walihama Unguja kabla yeye hajazaliwa, lakini Kiswahili chao alikuwa nacho chote, laini, cha taratibu. Hilo ndilo lililowatisha zaidi wageni wake. Mtu mpole kiasi kile alikuwa hajawahi kumkosa mtu aliyemtafuta.

Mbele yake walikuwa wanne.

Shem alikuwa amesimama. Mkenya wa Vihiga, mrefu, mabega ya kubeba mizigo. Alikuwa mlinzi wa klabu ya kulenga shabaha mpaka Machi, alipogombana na arbab, mwajiri wao, akafukuzwa. Pasi yake ya kusafiria ilibaki kwenye kabati la arbab. Jina lake likapelekwa uhamiaji kama mtoro. Tangu siku hiyo alilala chumba cha huyu leo, cha yule kesho, akipita vichochoroni kila alipoona gari la askari. Mpango ulikuwa wake.

Karibu na mlango alichuchumaa Swaibu, Mganda, dereva wa gari la kusambaza maji ya kunywa. Alikuwa akijiuma kucha.

Wawili waliobaki walikuwa Faustine na mdogo wake Redempta, kutoka Bukoba. Hao bado walikuwa kazini pale klabuni, kwenye chumba cha maganda. Kila jioni wapiga shabaha walipoondoka, maganda ya shaba ya njano yalifagiliwa yakaletwa kwao yakiwa meusi kwa moshi wa baruti. Waliyatia kwenye pipa la kuzunguka pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Mota ikiwashwa, pipa lilinguruma kama mvua ya mawe juu ya bati. Kisha waliyachekecha. Magunzi yalianguka chini, maganda yalibaki juu yaking'aa kama pete za arusi, na vumbi jeusi lilijaa chumba kizima. Chumba cha pili fundi aliyajaza upya baruti, yakarudi kupigwa tena.

Faustine alikuwa amelivuta vumbi hilo miaka minne. Sasa fizi zake zilikuwa na mstari wa bluu. Tumbo lilimbana mpaka akajikunja sakafuni. Viganja vilining'inia kama nguo iliyoanikwa, na kijiko kilimtoka mkononi. Zahanati ya kampuni ilisema ni gesi, ikampa vidonge vya kutafuna. Alimwomba arbab pasi aende kwao akatibiwe. Baada ya mashindano, arbab alisema. Mashindano yalikuwa Novemba. Huu ulikuwa Agosti, mwaka 2007, na Redempta alijua kaka yake hatafika Novemba.

Shem alitandika kitambaa cheusi chini, akachukua chaki ya fundi cherehani, akachora.

"Klabu ni hii. Geti la mbele lina kamera. La nyuma halina. Ijumaa foreman na mlinzi wanapanda basi kwenda msikitini. Wapiga shabaha hawaji mpaka alasiri. Ndani wanabaki hawa wawili, wanasafisha. Redempta anatufungulia nyuma. Swaibu anaingia na gari. Tunapakia ndoo, mimi navunja kabati la pasi, tunatoka kwa mchanga huku nyuma. Job ni fupi. Tukichelewa, tumeisha."

"Ndoo tisa," alisema Khalfan. "Si nane. Watu wangu wanasubiri tisa. Mkinifikishia ghalani, gari la Muscat liko tayari. Alfajiri mko Oman. Huko pasi zenu hazina kesi, mnapanda ndege kwenu."

"Sote wanne?" aliuliza Redempta.

Khalfan alimtazama Shem.

"Sote," Shem alijibu haraka. "Nishapanga."

Redempta hakutulia. "Na haya maganda yanakwenda wapi, mzee wangu?"

Khalfan alitabasamu. "Mwanangu, mie nauza vitambaa. Mtu akinunua kitambaa simuulizi atashona nini."

IJUMAA, SAA TANO ASUBUHI

Ndoo nane zilikuwa zimejaa. Ya tisa ilikuwa nusu.

Pipa lilikuwa limezunguka tangu alfajiri. Faustine alilizima, akashika chekeche. Lilimponyoka. Akaliokota kwa mikono miwili, likamponyoka tena.

"Lete," alisema Redempta.

"Hii ni kazi yangu."

"Kaka, lete. Toka nje."

"Wewe nawe unataka mikono kama hii?" Aliinyanyua, ikaning'inia. "Mimi nimeshaharibika. Kaa mlangoni."

Hakukaa mlangoni. Alifunga kanga puani, akamnyang'anya chekeche, akaanza kutikisa. Vumbi lilipanda. Alilihisi kwenye ulimi, tamu tamu kama sarafu. Aliyapitishia macho maganda moja moja, yenye ufa akayatupa pembeni, mazima akayamimina kwenye ndoo. Nyuma yake alimsikia Faustine akitapika kwenye beseni. Hakugeuka. Akigeuka angeacha, na akiacha ndoo isingejaa, na ndoo isipojaa hakuna gari.

"Redempta," Faustine aliita kwa sauti ya chini. "Shem yuko wapi?"

"Bado hajafika."

"Nilimwona hapo mlangoni. Amevaa joho la padri."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Mkono wa Redempta ulisimama juu ya chekeche. Kisha akaendelea kutikisa, kwa nguvu zaidi.

SAA SITA NA ROBO

Basi liliondoka. Redempta alilihesabu kwa sikio: mlango, gia, kokoto, kimya. Alikimbilia geti la nyuma, akavuta komeo. Lilikuwa la moto, likamchoma kiganja.

Gari la maji liliingia kinyumenyume. Shem aliruka chini akiwa na ovaroli ya kampuni ya maji na mtaimbo mkononi.

"Yalla, yalla, haraka. Swaibu, ndoo. Redempta, kuja na mimi."

Ofisi ya foreman haikuwa na kitu ila meza, kalenda na kabati la chuma. Shem alichomeka mtaimbo kwenye ukingo wa mlango, akauegemea. Chuma kililia. Akauegemea tena, mishipa ya shingo imemtoka. Komeo lilikatika kwa mshindo uliomfanya Redempta afunge macho.

Ndani kulikuwa na pasi za klabu nzima, zimefungwa kwa mipira, kila nchi fungu lake. Wanepali. Wafilipino. Wahindi. Shem alipekua mpaka akaiona yake. Aliifungua, akaitazama picha yake, akaibusu.

"Zetu," alisema Redempta.

Alizitoa pia mbili za Tanzania. Redempta alinyoosha mkono. Shem alizitia zote tatu mfuko wa kifuani.

"Zitakuwa safe kwangu. Twende."

Redempta alitazama zile nyingine. Aliacha kabati wazi, mlango wa ofisi wazi. Wenzake wakiwahi kabla ya arbab, kila mtu atachukua cha kwake.

Walipofika chumba cha maganda, ndoo nane zilikuwa garini, zimefichwa nyuma ya chupa kubwa za maji. Ya tisa ilikuwa imepinduka. Faustine alikuwa amelala kifudifudi juu ya maganda yaliyotapakaa, akijaribu kuyakusanya kwa viwiko.

"Banange!" Swaibu alilia. "Huyu mtu anakufa!"

"Hafi," alisema Shem. "Kusanyeni."

Walipiga magoti wote watatu, wakachota kwa viganja, maganda, vumbi na matapishi pamoja. Ndoo ilipojaa Shem aliipandisha peke yake. Kisha akarudi, akamnyanyua Faustine begani kama mtoto aliyesinzia, akamlaza nyuma ndani ya gari, kichwa juu ya gunia.

"Pole, ndugu yangu," alimwambia. "Kidogo tu. Tunaenda home."

SAA SABA KASOROBO

Njia ya nyuma haikuwa njia. Ilikuwa alama za matairi kwenye mchanga, na mbele kabisa, ng'ambo ya mtetemo wa joto, kreni za Silicon Oasis zilizokuwa zikijenga mji mpya. Huko ndiko kulikokuwa na lami.

Hawakufika. Gari lilipunguza mwendo, likazama ubavu mmoja, likasimama. Swaibu alikanyaga mafuta, matairi yakachimba.

"Acha! Unalizika!" Shem alipiga dashibodi. "Shukeni. Toeni maji."

Walitupa chupa za maji mchangani, moja baada ya nyingine, zikajipanga ovyo kama mayai makubwa. Swaibu alipunguza upepo kwenye matairi. Redempta alichimba kwa mikono. Walimshusha Faustine wakamlaza kwenye kivuli chembamba cha gari, kisha wakasukuma, mara moja, mara mbili, mara tatu. Ya nne gari lilitoka kwa kurukaruka, likasimama juu ya ardhi ngumu.

Shem alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Ndipo waliposikia sauti nyuma yao.

Faustine alikuwa amepinda kama upinde. Meno yamebana, macho meupe, visigino vikipiga mchanga. Povu lilimtoka pembeni mwa mdomo. Redempta alimrukia, akakishika kichwa chake.

"Faustine! Kaka! Shem, njoo!"

Shem alikuja. Alisimama juu yao, akatazama, akatazama saa.

"Tumpitishe hospitali," alisema Redempta. "Mtuache mlangoni, nyinyi mwende. Sitasema kitu."

"Hospitali iko na askari getini. Gari iko na ndoo tisa za maganda ya risasi. Unataka niwaambie nini?"

"Basi twende naye Muscat. Hata huko kuna daktari. Mpakie."

Shem aligeukia gari.

"Mwambie," alisema Swaibu. Alikuwa ameshika usukani huku mlango wazi, jasho likimchuruzika kidevuni. "Mwambie, Shem. Mimi siwezi kubeba hii kitu tena."

"Nyamaza."

"Gari ya Muscat iko na viti mbili! Yake na yangu! Alisema nyinyi tutawashusha kwa barabara!"

Upepo wa moto ulipita. Faustine aliacha kupiga visigino. Alilala akikoroma, mkojo ukimlowesha suruali.

"Ni kweli?" aliuliza Redempta.

"Khalfan alikataa wanne," alisema Shem. "Nilimwomba. Alikataa. Ningefanya nini? Miezi mitano nalala kwa sakafu za watu kama panya. Wakinishika ni jela, halafu narudi kwa mama mikono mitupu. Ningefanya nini, Redempta?"

"Ungeniambia."

"Ungefungua geti?"

Redempta alimrukia kifuani, akashika mfuko wa ovaroli kwa mikono miwili. Mshono ulichanika. Shem alimsukuma, akaanguka chali, akainuka, akamshika tena. Wakati huu Shem alimkamata vifundo vya mikono na kumshikilia mpaka akachoka. Kisha akaitoa pasi moja, akaitupa karibu na Faustine.

"Hiyo yake. Yako nabaki nayo. Ukinyamaza, utaipata kwa Khalfan. Ukifungua mdomo, nitaitupa baharini. Khalas, imeisha."

Alipanda. Swaibu alimtazama Redempta kama anayetaka kusema jambo. Akafunga mlango. Gari liliondoka polepole, kisha kwa kasi, ndoo zikigongana ndani yake.

SAA SABA NA NUSU

Aliburuta chupa moja ya maji, akaitoboa kwa ufunguo wa chumba cha maganda, akammwagia Faustine kichwani. Akamwagia tena. Ngozi yake ilikuwa kavu, ya moto. Alijilaza juu yake ili kivuli cha mwili wake kimfunike uso.

Simu ilikuwa mfukoni. Aliitoa.

Angeweza kumbeba mpaka barabarani. Alijaribu. Alimvuta kwa makwapa kitambo kifupi tu, akaanguka naye. Angeweza kwenda barabarani peke yake kusimamisha gari, na akirudi angekuta nini? Akipiga namba ya polisi, wangeona kabati limevunjwa, wangeona mikono yake ina masizi ya chumba cha maganda. Pasi yake ilikuwa kwenye mfuko wa Shem na ilikuwa inakwenda zake. Baba yao alimuaga Redempta stendi ya Bukoba kwa maneno machache: uliye naye huko ni mmoja, mtunze.

Faustine alianza kukakamaa tena.

Redempta alipiga namba.

"Kaka yangu anakufa," alisema kwa Kiingereza chake cha kazini. "Nyuma ya klabu ya shabaha. Mchangani. Njooni. Mimi ni mwizi, niko hapa, sikimbii. Njooni haraka."

JIONI

Walimfunga pingu kwenye kiti cha chuma, kwenye korido ya hospitali. Baada ya muda mrefu alikuja askari wa kike mwenye shela nyeusi na beji kifuani. Alivuta kiti, akakaa mbele yake.

"Naitwa Hilwa. Bibi yangu ni wa Unguja. Sema nami Kiswahili, usiogope."

Redempta alimshika mkono kabla ya kujijua. "Yu hai?"

"Yu hai. Daktari kanituma nikwambie." Hilwa alivuta pumzi. "Anasema damu yake imejaa risasi."

Redempta aliruka, pingu ikamrudisha. "Hapana! Hakupigwa! Hakuna aliyepiga bunduki, naapa! Tulikuwa na maganda tu, matupu! Mlimpiga nyinyi?"

"Tulia. Tulia, mwanangu. Hakupigwa na mtu. Nasema risasi ile ya madini. Ndiyo iliyo kwenye moshi wa baruti, kwenye lile vumbi mnalochekecha. Imemwingia puani na mdomoni miaka yote hiyo, mpaka kwenye ubongo. Daktari kauliza nani alimwachia mtu huyu afanye kazi hiyo bila kinga, na sikuwa na jibu. Kuna dawa ya kuitoa. Wameshaanza kumtilia kwenye mshipa."

Redempta alikaa. Hakulia. Midomo ilimcheza kama ya mtu anayesali, lakini hakuwa akisali. Muda wote huo walimwambia ni gesi.

"Na wewe watakutoa damu," alisema Hilwa. "Sasa nataka kujua. Nani mwingine alikuwapo? Ndoo ziko wapi?"

Alitazama mlango aliokuwa nyuma yake Faustine. Akamfikiria Shem akiibusu ile picha. Akamfikiria akitazama saa.

Alisema yote. Shem. Swaibu. Duka la vitambaa, mlango wa chuma, mtu aliyekaa juu ya jora. Gari la Muscat litakaloondoka ghalani usiku. Alipomaliza, Hilwa alikuwa ameshaondoka mbio na simu sikioni.

JUMAPILI

Waliwakamata wote watatu ghalani, ndoo ya tisa ikiwa bado haijashushwa. Redempta aliwaona kituoni walipopitishwa. Swaibu alikuwa akilia waziwazi. Khalfan alitembea taratibu, kanzu haina hata kunjo, akimtazama askari wake kama mteja asiyejua bei. Shem alikuwa wa mwisho. Jicho moja lilikuwa limevimba.

Alisimama mbele ya Redempta. Askari alimvuta, hakutikisika.

"Umetuuza," alisema.

"Ndiyo."

Wakamvuta, akaenda.

Mchana Hilwa alimpeleka hospitali kwa muda mfupi. Faustine alikuwa ameinuliwa kwa mito, mrija mkononi, uso umetuna. Aligeuza macho alipomsikia. Alimtambua.

"Dada."

"Nipo."

"Shem yuko wapi?"

"Wamemkamata. Na wenzake."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Faustine alifumba macho.

"Mwaka jana kule kambini," alisema mwishowe, "nilipoanza kujinyea, wewe ulikuwa hujaja. Watu walihama chumba. Shem hakuhama. Aliniogesha kila asubuhi kabla ya zamu yake. Hakumwambia mtu. Ulijua hilo?"

"Sikujua."

"Sasa unajua."

Redempta alisimama na maneno hayo. Yalimwingia, hayakuwa na pa kutokea. Alitaka kumwambia kuhusu viti viwili, kuhusu saa ile Shem aliyoitazama. Aliona uso wa kaka yake ulivyogeukia ukutani, akayameza.

"Nitakaa ndani," alisema. "Hilwa anasema ni miezi, si miaka. Wewe watakupandisha ndege ukipata nguvu. Utatangulia."

Faustine alisema, bado akitazama ukuta, "Nina kiu."

Kikombe kilikuwa mezani. Redempta alikinyanyua kwa mikono yote miwili, kwa kuwa pingu haikumruhusu vingine. Hilwa alimtazama, akatoa ufunguo, akaifungua.

Aliuweka mkono mmoja nyuma ya kichwa cha kaka yake, akamgeuza uso. Faustine alikunywa kidogokidogo, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyaondoa macho usoni mwa dada yake mpaka kikombe kikaisha.